Uchambuzi wa kisa: Gloplagi kwenye Lister ya kijijini, na valvu iliyokuwa ikivuja nyuma yake

Gloplagi ni kalamu ya umeme inayopasha moto chumba cha injini ya dizeli kabla ya kuwashwa. Lister ni injini ya dizeli inayowashwa kwa kuzungusha hendeli. Majina ya kijiji, mmiliki na mafundi yameondolewa. Vipimo ni vile vilivyosomwa kwenye injini yenyewe. Pale ambapo ni hesabu ya makadirio, imeelezwa hivyo.

Injini na mazingira yake

Mashine ya kusaga ilikuwa katika kitongoji cha mkoa wa Dodoma ambacho umeme wa gridi haujakifikia. Kinu cha sahani kiliendeshwa kwa mkanda na nakala ya Kihindi ya Lister CS 6/1: silinda moja, nguvu farasi 6 kwa mizunguko 650 kwa dakika, kipenyo cha silinda milimita 114.3, mwendo wa pistoni milimita 139.7, ujazo wa takriban sentimita za ujazo 1,433. Lister zenyewe zilitengenezwa Dursley, Uingereza. Nakala nyingi hutoka Rajkot, jimbo la Gujarat, na ubora wake hutofautiana sana kati ya kiwanda na kiwanda, hata kati ya injini mbili za kiwanda kimoja.

Hedi yake, yaani kifuniko cha juu cha silinda, ni ya chumba cha pembeni. Noseli hainyunyizi dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, bali ndani ya chumba kidogo cha mviringo kilicho ubavuni mwa hedi. Lister za zamani zilikuwa na valvu ya kubadili mgandamizo kwenye chumba hicho. Ukiikaza wakati wa kuwasha, sehemu ya nafasi inazibwa na mgandamizo unapanda. Injini ikishapata moto na kubeba mzigo unaifungua. Watengenezaji wengi wa nakala waliiacha valvu hiyo, wakaziba tundu lake kwa kizibo cha chuma chenye uzi wa skrubu. Kizibo hicho ndicho kilichokuja kuwa mlango wa kazi yote inayoelezwa hapa.

Dodoma mjini iko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na kitongoji hiki kiko katika kiwango kinachokaribiana na hicho. Kwa urefu huo hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kiasi cha asilimia 12. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 hivi, na saa kumi na mbili asubuhi, wakati ndoo za mahindi na uwele zimeshapangwa mlangoni, chuma cha injini kina baridi hiyo hiyo.

Tatizo lilivyojitokeza

Kuanzia mwishoni mwa Mei injini ilianza kugoma asubuhi. Watu wawili walipokezana hendeli, na mara nyingi kazi ilianza baada ya zaidi ya nusu saa. Mchana, injini ikiwa bado na joto, iliwaka kwa mzungusho mmoja.

Dalili muhimu ilikuwa moshi. Kila jaribio la asubuhi lilitoa moshi mweupe mzito kwenye ekzosi, wenye harufu kali ya dizeli mbichi. Moshi wa namna hiyo ni dizeli iliyogeuka mvuke bila kuungua. Maana yake mafuta yanafika. Kinachokosekana ni joto. Kama hakuna moshi wowote, mtu aanze kutafuta kwenye tangi, chujio na hewa iliyoingia kwenye mabomba, wala asifikirie gloplagi kabisa.

Suluhisho la msagaji lilikuwa kitambaa chenye petroli kwenye mdomo wa kuvutia hewa. Iliwaka, lakini kwa kugonga vibaya, na mara mbili hendeli ilirudi kinyume. Mvuke wa petroli hulipuka kabla pistoni haijafika juu, na nguvu yake yote hupiga ringi, beringi za konrodi na mkono wa anayezungusha. Ndiyo maana anayeshika hendeli hufundishwa kuweka dole gumba upande mmoja na vidole vingine, ili ikirudi imponyoke.

Uamuzi wa kwanza: gloplagi, na mahali pa kuiweka

Mmiliki alikuwa amesikia kwamba pikapu za dizeli huwaka asubuhi kwa sababu ya gloplagi, akataka ifungwe. Fundi aliyeitwa alikubali bila kupima mgandamizo. Hilo tutalirudia. Kwa kazi ya chuma, hata hivyo, alifanya uchaguzi mzuri: alikataa kutoboa hedi.

Hedi ya Lister imezungukwa na nafasi za maji, na unene wa ukuta kati ya maji na chumba cha moto haulingani kwenye chuma cha kumimina. Biti ikipita pembeni kidogo, maji yanaingia kwenye silinda, na hedi hiyo ndiyo mwisho wake. Tundu la kizibo tayari linaingia chumbani. Kwa hiyo kizibo kilitolewa, kikapelekwa kwa fundi wa kukereza vyuma mjini ili atengeneze kingine cha chuma laini chenye nafasi ya gloplagi katikati.

Hatua zilikwenda hivi:

1. Kizibo kililowekwa mafuta mepesi usiku kucha, kikafunguliwa injini ikiwa vuguvugu. Uzi wake ulipimwa kwa geji ya uzi ukakutwa ni wa inchi, si wa milimita. Hili ni la kawaida kwa nakala za Lister, na fundi anayekisia kwa jicho huharibu uzi wa hedi.

2. Ilinunuliwa gloplagi ya kalamu ya pikapu ya Kijapani, uzi wa M10 × 1.25 (kipenyo milimita 10, hatua milimita 1.25), ya volti 12. Katika duka la vipuri zipo zinazofanana nayo kwa umbo lakini ni za volti 6, kwa magari yenye kifaa cha kudhibiti umeme wake. Ya volti 6 ikipewa volti 12 moja kwa moja huungua kwa sekunde chache. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mwili wake, usitegemee boksi.

3. Kizibo kipya kilikerezwa kwa uzi wa nje wa kile cha zamani. Katikati kilitobolewa kwa biti ya milimita 8.8, kikakatwa uzi wa ndani wa M10 × 1.25. Mbele ya uzi huo tundu liliendelea kwa milimita 6 kwa ajili ya kalamu yenye unene wa milimita 5. Mahali tundu pana linapokutana na jembamba palikatwa mteremko unaolingana na ule wa gloplagi, kwa sababu mteremko huo ndio unaozuia mgandamizo usivuje. Uzi peke yake hauzuii.

4. Urefu ulipangwa ili ncha ichomoze chumbani milimita 4. Ikizama ndani ya kizibo, joto lote linakwenda kwenye chuma. Ikichomoza sana, inasimama kwenye njia ya mnyunyizo, na ncha huliwa na moto ndani ya wiki chache. Mwelekeo wa mnyunyizo ulikaguliwa kwa kuchungulia na tochi kupitia tundu la noseli.

5. Kizibo kilikazwa na washa mpya ya shaba nyekundu. Gloplagi ilikazwa kwa nguvu ndogo, takriban nyutonimita (Nm) 15, uzi wake ukiwa umepakwa kidogo grisi ya shaba ili isigande.

Kizibo kipya kilikuwa kirefu kidogo kuliko cha zamani na kilijaza sehemu ya nafasi iliyobaki ya ile valvu iliyoachwa. Hiyo ni faida ndogo ya mgandamizo iliyokuja bila kupangwa.

Umeme: mahali kazi ilipolegea

Betri ya volti 12 ilikuwepo tayari kwa ajili ya taa na kuchaji simu, ikijazwa na paneli ya sola, lakini ilikaa chumba cha pili. Zilitumika waya za taa zenye milimita moja ya mraba, mita 6 kwenda na mita 6 kurudi, na swichi ya kawaida ya ukutani.

Gloplagi hii ikiwa ya moto ina ukinzani wa omu 1.1 hivi. Kwa volti 12 kamili huvuta ampia 11 na kutoa wati 131. Waya ile nyembamba yenye jumla ya mita 12 ina ukinzani wa omu 0.21. Ukiiongeza, mkondo unashuka hadi ampia 9, volti zinazofika kwenye gloplagi ni 10.1, na joto linalotoka ni wati 92 tu. Asilimia 30 ya joto imepotea njiani, na waya wenyewe unapata vuguvugu. Multimita iliyowekwa kwenye kichwa cha gloplagi ilisoma hizo volti 10.1. Kipimo hicho kingefanywa siku ya kwanza kingeokoa muda mwingi.

Jambo la pili lilikuwa swichi. Swichi ya ukutani hubaki ilipoachwa. Siku moja gloplagi ilisahaulika ikiwaka huku kinu kikisaga. Joto la moto wa injini likaongezeka juu ya joto la umeme, na ncha ikavimba. Bahati ilikuwa kwamba ilitoka kwa kuibembeleza pamoja na kizibo. Ncha iliyovimba ikilazimishwa hukatika, na kipande kikiangukia chumbani kinaweza kufika juu ya pistoni.

Matokeo ya awali, kisha kurudi nyuma

Katika siku za mwanzo injini iliwaka baada ya mizungusho minne au mitano. Wote waliona kazi imekwisha. Kadiri Julai ilivyosonga, idadi ikapanda tena, na gloplagi mpya iliyowekwa badala ya ile iliyovimba haikubadilisha kitu. Ilitolewa nje ikajaribiwa kwa kushikwa na koleo, mwili wake ukiwa umeunganishwa na hasi ya betri kwa waya mnene. Ilikuwa nyekundu nchani ndani ya sekunde 12. Kwa hiyo haikuwa mbovu.

Ndipo alipoitwa fundi wa pili, naye akaanza pale ambapo wa kwanza angepaswa kuanza.

Kipimo cha mgandamizo bila geji

Kishikizo cha kufungulia mgandamizo, kile kinachoshikilia valvu wazi ili injini izunguke kirahisi, kikiwa kimeachiwa, flaiwili (gurudumu zito la injini) ilizungushwa taratibu kwa mkono hadi ikagota kwenye mgandamizo, kisha ikasukumwa na kushikiliwa hapo. Kwenye Lister nzima flaiwili hukusukuma kurudi, na nguvu hiyo hukaa sekunde kadhaa. Hapa ilikwisha karibu papo hapo, na mluzi mdogo ukasikika kwenye bomba la ekzosi.

Kisha vijiko viwili vya mafuta ya injini viliingizwa kwenye silinda, na injini ikazungushwa mara kadhaa kishikizo kikiwa kimefunguliwa ili mafuta yatandae na yasizibe juu ya pistoni. Mafuta huziba kwa muda mwanya wa ringi. Mgandamizo ukipanda, kosa ni ringi au silinda. Haukupanda. Kosa likabaki kwenye valvu au gasketi, na mluzi ulikuwa umeshataja valvu ipi.

Hedi ilipofunguliwa, kiti cha valvu ya ekzosi kilikuwa na vishimo na alama za kuungua upande mmoja. Pia ulipimwa mwanya kati ya pistoni na hedi kwa kuweka waya wa risasi wa kulehemu, wa milimita 3, juu ya pistoni, kufunga hedi, kuzungusha mara moja na kupima waya uliobanwa: milimita 2.4. Chini ya silinda kulikuwa na gasketi mbili mahali pa moja, kumbukumbu ya ukarabati wa zamani. Gasketi ya ziada ilikuwa na unene wa milimita 0.8.

Valvu zote mbili zilisagwa kwa unga mnene kisha mwembamba, hadi mzunguko wa kijivu ukaenea bila kukatika. Zilijaribiwa kwa kumimina mafuta ya taa kwenye njia zake na kusubiri dakika kumi kuona kama yanavuja. Gasketi ya ziada iliondolewa, mwanya ukawa milimita 1.6, nafasi za valvu zikapangwa upya. Mafuta ya injini yalibadilishwa kutoka SAE 40 kwenda SAE 30 kwa miezi ya baridi, maana hendeli ya mkono haina nguvu ya kubishana na mafuta mazito.

Umeme ulifanywa upya pia. Betri ilisogezwa hadi mita 1.5 kutoka injini, ikawekwa kwenye sanduku la mbao. Waya ya milimita 6 za mraba, fyuzi ya ampia 30 karibu na betri, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya ampia 40, na kitufe cha kubonyeza kinachojirudisha chenyewe kikiachiwa. Waya ya hasi ilifungwa kwenye bolti ya hedi baada ya kukwangua rangi na kutu hadi chuma cheupe.

Matokeo ya mwisho

Katika asubuhi za baridi, injini iliwaka kwa mzungusho wa kwanza au wa pili baada ya kubonyeza kitufe sekunde 20. Bila gloplagi, kwa baridi ile ile, iliwaka ndani ya mizungusho minne. Petroli iliachwa kabisa. Msagaji mmoja alitosha kuzungusha hendeli.

Utaratibu uliobaki ukutani kwa maandishi ya mkono: fungua kishikizo, zungusha polepole mara kumi ili mafuta yapande, bonyeza kitufe sekunde 20, zungusha kwa kasi huku mwenzako akiendelea kubonyeza, achia kishikizo. Injini ikishika, achia kitufe. Ikikataa mara tatu, acha na utafute sababu.

Uchambuzi

Swali kubwa la kisa hiki ni kiasi gani cha tatizo kilikuwa baridi na kiasi gani kilikuwa kuvuja. Hesabu ya juu juu inasaidia. Joto la hewa mwishoni mwa mgandamizo hutegemea joto lililoanza nalo, uwiano wa mgandamizo, na namna hewa inavyopoteza joto na kuvuja njiani. Tukichukua uwiano wa 17 kwa 1 kama mfano, na kipeo (namba ya hesabu ya mgandamizo inayoshuka hewa ikipoteza joto au kuvuja) cha 1.3 kwa silinda isiyovuja inayozungushwa kwa mkono, hewa ya nyuzi 25 hufika nyuzi 424 hivi. Ikianza na nyuzi 13, hufika 396. Asubuhi ya Dodoma, basi, inanyang'anya nyuzi 28.

Gasketi ya ziada: milimita 0.8 juu ya pistoni ya milimita 114.3 ni sentimita za ujazo 8 za nafasi ya bure, na uwiano unashuka kutoka 17 hadi karibu 15.7. Hasara ni nyuzi 16 nyingine. Lakini valvu inayovuja kiasi cha kushusha kile kipeo kutoka 1.3 hadi 1.25 tu, kwa uwiano ule ule wa 17 na hewa ya nyuzi 13, inaleta hewa ya nyuzi 308. Hasara ya nyuzi 88, mara tatu ya ile ya baridi. Namba hizi si za maabara, lakini mpangilio wa ukubwa wake hauna utata: gloplagi ilipewa kazi ya kufidia valvu, na valvu iliendelea kuharibika huku kila mtu akitazama betri.

Inaeleza pia kwa nini siku za mwanzo zilionekana za mafanikio. Ncha nyekundu huwasha matone yanayopita karibu yake hata kama hewa iliyobaki chumbani haijafika joto la kutosha. Kuvuja kulipoongezeka, moto ule mdogo ulikosa hewa moto ya kuusambaza, na moshi mweupe ukarudi. Moshi mweupe unaotoka wakati gloplagi imethibitika kuwa nzima ni sababu tosha ya kufungua hedi.

Kosa la mwinuko halikuwahi kutajwa na yeyote, nalo lina nafasi yake. Hewa nyepesi haipunguzi sana joto la mwisho kwenye karatasi, lakini inapunguza wingi wa hewa unaobeba joto hilo, na kuta baridi hulinyonya haraka zaidi. Injini iliyochoka ambayo ingewaka Tanga inaweza kugoma Kongwa.

Je, gloplagi ilihitajika? Kwa injini iliyotengenezwa vizuri, mizungusho minne kwa mkono si mateso. Kwa mashine ya kusaga inayozungushwa na mtu mmoja kila alfajiri, ilikuwa na maana. Kwa injini ya pampu inayowashwa saa nne asubuhi, ni fedha zilizopotea. Kuna njia ya bei rahisi zaidi ambayo haikujaribiwa hapa: kufungua maji ya silinda na kumimina lita kumi za maji moto ya nyuzi 60 hadi 70, kusubiri dakika chache, kisha kuwasha. Inapasha kuta zote, kitu ambacho gloplagi haifanyi. Maji yanayochemka yasitumike, kwani chuma cha kumimina kikipata joto la ghafla hupasuka. Ubaya wake ni kuni na muda.

Gloplagi na petroli visikutane kamwe. Ncha nyekundu ndani ya mvuke wa petroli huwasha kabla ya wakati kila mara, na hali ni hiyo hiyo kwa dawa za kupuliza za kuwashia zenye etha. Msagaji aliyezoea kitambaa lazima aambiwe hivi waziwazi siku gloplagi inapofungwa. Katika kisa hiki hakuambiwa hadi fundi wa pili alipofika.

Kazi hii yote inahusu hedi ya chumba cha pembeni peke yake. Baadhi ya nakala huuzwa na hedi ya kunyunyiza moja kwa moja, ambayo hutambulika kwa bakuli lililochongwa juu ya pistoni na noseli yenye matundu kadhaa madogo badala ya tundu moja. Hapo hakuna chumba cha kupasha wala kizibo cha kubadilisha, na kutoboa hedi ili kuweka gloplagi ni kuharibu kitu kizima. Mwenye injini ya aina hiyo apime mgandamizo na mnyunyizo kwanza, na akihitaji joto aliweke kwenye njia ya kuvutia hewa kwa hita ya waya, au atumie maji moto.